Senti ya Tundu, Nishani ya Babu: Ina Thamani Gani, na Utalipwaje Bila Kutapeliwa?

Swali moja linawafikia maajenti wetu wa Busia na Malaba kila mara ada za shule zinapokaribia: "Nimeskia kuna mtu ananunua zile senti za zamani zenye tundu kwa milioni. Ni kweli?" Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linahitaji makala nzima, kwa sababu sarafu za zamani zipo kweli, wanunuzi wapo kweli, na matapeli nao wapo, na wote watatu wanatumia simu.

Tuanze na kwa nini sisi watu wa mpakani tuna vitu hivi vingi kwa masanduku ya nyumbani.

Hadi mwaka 1902, upande huu wetu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika mbali sana, hadi Naivasha, kisha Waingereza wakauhamishia upande wa pili wa kalamu. Pesa iliyokuwa ikitumika ilikuwa rupia ya India, maana reli ilijengwa na vibarua kutoka huko na wafanyabiashara wengi walitoka huko pia. Lakini kabla ya rupia watu hawakuwa wamekaa bure. Uganda walihesabu kwa simbi, na ndiyo maana Mganda hadi leo akitaja pesa anasema "ensimbi". Huku kwetu, Wasamia walifua chuma kutoka vilima vyao, na majembe yao yalibadilishwa kwa mifugo, yakatolewa mahari, yakasafirishwa hadi ng'ambo ya ziwa. Jembe la Samia lilikuwa chombo cha kulima na akiba ya mali kwa wakati mmoja. Ukipata moja la kweli lililobaki kwa ukoo wako, usiliuze kwa mtu wa vyuma kuukuu. Tutarudi kwa huyo mtu baadaye.

Senti ya tundu ilianza 1907. Wakoloni walitaka sarafu ndogo kwa bidhaa ndogo za sokoni, na tundu lilimsaidia mtu asiye na mfuko kuzitunga kwa uzi au kamba ya katani. Zile za kwanza zilikuwa za aluminiamu, na zilikuwa aibu tupu. Joto na unyevunyevu wa huku viliziharibu haraka, kwa hivyo kuanzia 1909 senti moja ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kwa hivyo ukiona senti nyepesi kama kifuniko cha soda, yenye mwaka 1907 au 1908, iangalie mara mbili. Zilizobaki zikiwa nzima si nyingi.

Baada ya Vita vya Kwanza mambo yalienda mbio. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa Desemba 1919, mwaka 1920 ikaleta florini badala ya rupia, na kabla watu hawajaizoea, 1921 ikaleta shilingi. Hiyo shilingi yenye simba na milima nyuma yake ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye na Zanzibar. Hebu fikiria: mama wa Malaba alivuka hadi Tororo kuuza mahindi, akalipwa, akarudi, na hakuhitaji mtu wa kubadilisha pesa hata mmoja. Hali hiyo ilidumu hadi 1966, kila nchi ilipofungua benki kuu yake. Babu zetu walikuwa na sarafu moja ya Afrika Mashariki kabla sisi hatujaanza kuijadili kwa mikutano.

Sasa tuje kwa hizo milioni.

Sarafu inayovumishwa zaidi ni ile ya 1936 yenye jina EDWARDVS VIII. Hadithi yake inavutia. Mfalme Edward wa Nane alikaa kitini chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 kwa sababu ya mwanamke aliyetaka kumwoa. Uingereza yenyewe haikuwahi kutoa sarafu zake kwa wananchi. Lakini sarafu za tundu hazina sura ya mfalme, zina jina tu, kwa hivyo za Afrika Mashariki zilikuwa tayari zimetengenezwa na kusafirishwa. Mtu akisoma hadi hapo anasema, kumbe ni adimu! La hasha. Za senti tano na senti kumi zilitengenezwa kwa mamilioni. Mkusanyaji wa ng'ambo anaweza kuinunua kwa dola moja au mbili, labda zaidi kidogo ikiwa haijawahi kutumika kabisa. Anayekuambia ni milioni hajakosea hesabu. Anakuvuta.

Kitu kinachofanya sarafu iwe na bei si umri wake. Ni uchache wa zilizobaki, hali yake, na kama kuna mtu anayeitafuta. Mfano mzuri uko ng'ambo ya daraja. Shilingi tano ya Uganda ya mwaka 1972, ile yenye pembe saba, ilitengenezwa kwa wingi lakini ikaondolewa, na karibu zote zikayeyushwa. Ni ya juzi tu ukilinganisha na senti ya 1936, lakini wakusanyaji wanaitafuta zaidi. Kwa upande mwingine kuna dola ya Maria Theresa, ile kubwa ya fedha waliyoitumia Ethiopia, Uarabuni na hata Zanzibar. Kila moja imeandikwa 1780, hata iliyotengenezwa juzi, kwa sababu wateja wa zamani walikataa kuipokea ikibadilishwa tarehe. Ukiletewa moja ukaambiwa ni ya zaidi ya miaka mia mbili, cheka kidogo kisha uulize maswali.

Na fedha je, madini yenyewe? Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu. Shilingi moja ina uzito wa karibu gramu 7.8, kwa hivyo fedha halisi ndani yake haifiki gramu 2. Kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa, ni shaba na nikeli, hata kama inang'aa. Angalia mwaka kabla hujakubali bei ya "silva". Kwa herufi ndogo karibu na mwaka usihangaike sana, ni alama za viwanda: H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Wakati wa vita meli zilikuwa hatarini, ndiyo sababu kazi ilihamishiwa India na Afrika Kusini.

Tuseme jambo moja kwa herufi kubwa za moyoni: usiisafishe. Tunajua mkono unawasha. Jivu, ndimu, mchanga, dawa ya meno, waya wa sufuria, vyote vinaondoa ile ngozi nyeusi ya miaka ambayo mnunuzi anayejua anaitafuta. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa kwako, kwake ni ya kilo. Iweke kwa bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Mifuko ya plastiki laini ikikaa na shaba kwa muda huacha utando wa kijani.

Pesa ambayo si ya serikali

Kuna kundi lingine ambalo wengi hawalijui: vipande vya shaba, bati au aluminiamu vilivyotolewa na kampuni na mashamba. Kampuni ya kikoloni iliyotawala kabla ya serikali ya Uingereza, Imperial British East Africa Company, ilitoa sarafu zake yenyewe Mombasa kuanzia 1888, zenye picha ya mizani. Ni kama duka likijichapishia noti. Kule Tanganyika ya Wajerumani, mashamba makubwa yaliwapa vibarua vipande vyenye jina la shamba, uvipeleke duka la shamba upewe unga. Nje ya lango la shamba havikuwa na kazi yoyote.

Wajerumani hao hao walituachia neno. Sarafu yao ndogo iliitwa Heller, na Mtanzania hadi leo anasema "hela". Pesa nayo ni paisa ya India. Thumuni ni sehemu ya nane kwa Kiarabu, ingawa sisi tuliibandika kwa senti hamsini. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na meli za Waingereza, walitengeneza sarafu zao Tabora kwa vyuma walivyopata, na zile za dhahabu za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima, ni kati ya sarafu zinazotafutwa zaidi katika eneo letu lote. Ukipewa moja kwa bei ya mkate pale stendi, ni bandia.

Ukisema token leo, kila mtu anafikiria stima: unalipa, unapata tarakimu ishirini, unabonyeza kwa mita. Wazo ni lile lile la kipande cha shamba. Ni ahadi ya mtu fulani, na inafanya kazi mahali fulani tu. Swali la kuuliza kuhusu token yoyote, ya 1910 au ya leo, ni: nani anasimama nyuma yake? Wateja hutuuliza hivyo kuhusu salio la simu pia, na ni swali zuri. Kwa sheria ya Kenya, pesa unayoweka kwa simu haiwi ya kampuni. Inatakiwa ikae benki kwa akaunti ya amana, shilingi kwa shilingi, kando na pesa za biashara. Kibarua wa mkonge hakuwa na ulinzi huo. Shamba likifilisika, kipande chake kilibaki kuwa bati.

Nishani

Hapa ndipo tunaomba msome pole pole.

Ukanda wetu ulitoa askari na wapagazi wengi kwa vita vya watu wengine. Wapagazi wa Vita vya Kwanza ndio walioacha jina Kariokor pale Nairobi na Kariakoo pale Dar es Salaam, kutoka Carrier Corps. Katika Vita vya Pili, vijana wa King's African Rifles walipigana Ethiopia, kisha wakapelekwa Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope na malaria. Waliorudi walirudi na nishani, na nyingi bado ziko kwa kukhu, ndani ya kopo la chai, zimefungwa kwa kitambaa.

Geuza nishani, uangalie ukingo wake, ule upande mwembamba. Ya Vita vya Kwanza iliyo ya fedha, ile yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na mtu uchi juu ya farasi upande wa pili, kwa kawaida imechorwa namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Kwa familia hiyo ni kitu kikubwa. Kuna wazee wengi wa wakati huo ambao hawana picha wala cheti, na jina lao limeandikwa mahali pamoja tu duniani, kwa ukingo wa hicho kipande. Ina fedha safi karibu gramu 30, na hilo ndilo balaa, kwa sababu mtu wa kuyeyusha anaona gramu na haoni jina.

Za Vita vya Pili ni tofauti. Africa Star, ile ya nyota yenye utepe wa rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati, Burma Star, na War Medal ya 1939 hadi 1945, Uingereza ilizitoa bila majina. Kwa hivyo moja ikiwa peke yake haina bei kubwa. Lakini ikiwa pamoja na barua ya kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo, au hata bahasha iliyokuja nayo, inakuwa kitu kingine kabisa, kwa mkusanyaji na kwa wajukuu. Usitenganishe makaratasi na chuma. Wanunuzi wajanja hupenda kusema "karatasi kaa nayo", halafu wanarudi kuinunua kwa bei ya soda.

Nishani ya Africa General Service yenye kipande cha juu kilichoandikwa KENYA ilitolewa kwa waliotumika upande wa serikali wakati wa Mau Mau, kati ya 1952 na 1956. Ina jina ukingoni. Kuna familia zinaionea fahari na kuna nyingine zinaificha, na sisi hatuna la kuongeza hapo.

Maoni yetu, na si lazima ukubaliane nayo: ikiwa ina jina la mzee wenu, piga picha pande zote na ukingo kabla ya kufanya lolote, na uwatumie ndugu wote kwa kundi la WhatsApp la familia. Hata mkiuza, jina limebaki. Na ukiuza kimya kimya, jua kwamba ugomvi wa nishani ya babu unaweza kuwa mbaya kuliko wa shamba.

Yule mtu wa vyuma kuukuu sasa. Biashara yake ni halali akiwa na leseni, lakini mizani yake inapima kilo tu. Mbele ya mizani hiyo, nishani na bomba la sinki ni ndugu. Usimtume mtoto auze "vitu vya shaba vilivyokaa bure".

Kabla hujavuka daraja

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na huwezi kukitoa nchini bila kibali. Sarafu ya kampuni ya Mombasa ya 1888 inaangukia hapo. Senti yako ya 1936 haiangukii hapo. Tofauti hiyo ni muhimu kwetu kuliko kwa mtu wa Nyeri, kwa sababu kwetu "nje ya nchi" ni dakika tano kwa boda boda, na mnunuzi anaweza kusema tukutane tu upande ule tunywe chai. Ukiwa na kitu cha kabla ya 1895, wasiliana kwanza na Makumbusho ya Taifa.

Jambo la pili la mpakani ni bei. Mtu akikuandikia "nitakupa elfu hamsini", muulize za wapi. Elfu hamsini za Uganda ni kama elfu mbili hivi za Kenya. Tumeona mazungumzo ya wiki nzima yakivunjika kwa kosa hilo, na wakati mwingine halikuwa kosa. Andikeni KES au UGX kwa kila mesiji. Na kama pesa zinatumwa kuvuka mpaka kwa simu, angalia kiasi kitakachofika baada ya ada na ubadilishaji, ambacho kinaonyeshwa kabla ya kuthibitisha, si kiasi kilichotumwa.

Utapeli wa sarafu hauna mambo mengi. Mtu anaweka tangazo Facebook kwamba ananunua sarafu za zamani. Unamtumia picha. Anashangilia, anataja bei inayokufanya ukose usingizi. Kisha inakuja "ada ya usajili" ya 1,500, baadaye "cheti cha uhalisi", baadaye "forodha". Kila mara ni kidogo ukilinganisha na milioni inayokungoja, na hapo ndipo mtego ulipo. Mnunuzi wa kweli humlipa muuzaji. Hakuna siku muuzaji anatuma pesa kwanza ili alipwe, na wakikuambia kampuni yetu ndiyo inashikilia malipo yako hadi utume ada, hiyo ni uongo mtupu, hatuna huduma kama hiyo.

Mkikutana ana kwa ana, kutaneni mahali penye watu, dukani kwa ajenti ikiwezekana. Mkishakubaliana, subiri pesa iingie, halafu fungua app au piga menyu uangalie salio lako mwenyewe. Mesiji ya kughushi inaweza kufanana na yetu hadi nukta ya mwisho, lakini haiwezi kubadilisha salio. Kabla ya kukabidhi nishani, andikeni karatasi moja yenye tarehe, maelezo ya kitu, bei na namba ya muamala, na kila mmoja abaki na nakala. Hiyo karatasi inakusaidia mnunuzi akifika nyumbani na kudai alituma kimakosa ili arudishiwe. Ombi kama hilo likija, tutakupigia kukuuliza, na ukiwa na picha ya kitu pamoja na karatasi iliyosainiwa, kazi yetu inakuwa rahisi. Hatutakuuliza PIN, hata siku hiyo.

Ukiwa wewe ndiye mnunuzi, na tunajua Busia kuna vijana wameanza kukusanya, lipa kwa namba ya till ya duka badala ya namba ya mtu pale inapowezekana, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na beba sumaku ndogo. Sarafu ya fedha au shaba haivutwi na sumaku. Ikinasa, rudisha. Mizani ndogo ya sonara nayo si ghali, na shilingi ya 1924 yenye gramu 5 haijawahi kuwa shilingi.

Na kama tayari ulishatuma ile "ada ya usajili", piga simu kwa huduma kwa wateja sasa hivi kupitia menyu ya Msaada, kabla hujamaliza kusoma. Pesa ikiwa bado haijatolewa upande wa pili, tunaweza kuizuia. Ikishatolewa, tunabaki na namba ya mtu huyo tu, ambayo tutaifunga na kuipeleka kwa polisi pamoja na taarifa yako. Picha za skrini za mazungumzo yenu usizifute, hata kama zinakuaibisha.